Nguo za Wageni na Mashine Iliyounguza

Mwenye nyumba alisema mashine ya kukaushia nguo inaunguza kwa sababu nafulia watu wasio wapangaji wake. Kuhusu kufua, hakukosea. Familia mpya za Wakongo zikifika hapa Buffalo, Marekani, kanisa letu hugawana kazi za kuwapokea, na kwangu, mtaa wa Riverside, huletwa nguo zao za wiki ya kwanza. Aliniamuru niache, la sivyo ataiondoa mashine. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kumkataza mtu kupokea wageni ni kumkataza kuwa mtu.

Nilishuka chini ilipo mashine, nikachomoa plagi, nikaivuta kutoka ukutani. Kichujio kilikuwa safi, maana nakisafisha kila nikikausha, si mvivu mimi. Bomba la nyuma, linalotoa hewa moto, halikuwa limekunjika. Basi nikavaa koti, nikatoka nje kutazama linapotokea. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kipande cha kitenge, kimeshindiliwa barabara. Kitenge chenyewe nilikijua.

Mama alikuwa jikoni akiosha sombe, majani ya muhogo, nilipomwonyesha.

"Beredi ilikuwa naingia mule," alisema bila kupepesa macho. "Njo nikafunga."

Kwetu milimani, Kongo, tundu linaloingiza upepo wa baridi huzibwa siku hiyo hiyo, na Mama amezizibia nyumba zote alizowahi kulala. Akaniomba nisimwambie yule bwana mwenye nyumba. Angeona haya mbele ya kijana wa umri ule.

Nilimwonea huruma, lakini ningenyamaza, lawama ingebaki kwa wageni. Nilizoa nyuzi zote zilizokwama ndani ya bomba, nikarudisha mashine, nikakausha mashuka. Yalitoka na joto la kawaida, bila harufu ya kuungua.

Mwenye nyumba aliporudi, nilimpeleka chini kwenye mashine, nikamkabidhi kile kitenge kilichojaa nyuzi. Nilizungumza polepole, kwa Kiingereza nilichojifunzia kwenye kazi ya kutunza wazee.

"Kosa letu ni hili, na tumeshalirekebisha. La wageni nionyeshe."

Aliipapasa mashine juu, akaipapasa ubavuni. Alikuwa bado anapapasa Mama aliposhuka ngazi na mfuko wa nguo za familia iliyofika jana. Alimpita yule bwana bila kumtazama, akaufungua, akaanza kuzipakia kwenye mashine ya kufulia iliyo kando.