Mama wa nyanya kati ya wakimbiaji

Hebu fikirini: saa sita mchana, jua la Goma linachoma lami, na wakimbiaji wa mbio ndefu wanapita mbele ya shule yetu wakihema, namba vifuani. Katikati yao anakimbia mama mmoja muuza nyanya, kandambili mkononi.

Alifika langoni pamoja na msichana mkimbiaji aliyekuwa akijaribu kumtuliza.

«Mama, ni mashindano tu.»

«Na tunakimbia nini?»

«Hatukimbie kitu. Wa kwanza anapewa medali.»

«Kwa jua hii? Na ule mwenye analia?»

«Ni jasho, mama.»

Mama akanigeukia. «Mwalimu, unipatie batoto bangu.»

Nami nilikuwa nimeshika ufunguo, sijui nifungue lango au nilifunge. Msichana akaacha mbio, akamshika mama mkono, tukaenda wote hadi dirisha la darasa. Watoto wake wawili walikuwa wakichora samaki. Mama aliwatazama kwa muda mrefu, kisha akavaa kandambili zake.

Medali ilikwenda kwa mwingine. Nawe ukikimbia katika mji wetu, uliozoea kukimbia vita, naomba ukumbuke jambo moja: tabasamu kidogo, ili tunaokutazama tujue hakuna kitu.