Marehemu Sahra Alinichagulia Nguo za Harusi

Kabla hujasema mimi ni mwongo, nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Wengi wameshasema hivyo na nimezoea. Lakini fundi Habiba yupo Garissa mpaka leo, na cherehani yake ipo, na yeye aliona nilichokiona. Niambie, wazimu unaweza kuwapata watu wawili kwa saa moja, ndani ya duka moja?

Mke wangu wa kwanza aliitwa Sahra. Tuliishi Tarbaj, mimi nikinunua mbuzi kwa wafugaji na kuwapeleka mnadani. Sahra alikuwa mrefu kuliko wanawake wote wa mtaa wetu, na alikuwa na kovu kidevuni, alilopata utotoni alipopigwa teke na ndama wa ngamia. Mimba yake ya kwanza ilipofika mwezi wa tisa, maumivu yalimshika, na asubuhi nikamwita muuguzi. Alimshika tumbo, kisha akanitoa nje.

"Mtoto amekaa vibaya," akaniambia. "Hii si kazi ya hapa. Mpeleke Wajir leo, asubuhi hii."

Gari lilikuwepo. Binamu yangu alikuwa na pikapu, imesimama mlangoni na mafuta yamo. Lakini siku hiyo wazee walikuwa wanakaa kikao cha kisima, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeitwa nikae pamoja nao. Nilitaka kuonekana nimekaa pale. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine. Nikamwambia Sahra avumilie, tungeondoka kesho alfajiri. Kikao kilikwisha magharibi. Alfajiri ilipofika alikuwa amekufa, na mtoto yumo tumboni.

Watu walipouliza kwa nini hakupelekwa hospitali, nilisema alikataa. Nilisema aliogopa kupasuliwa. Neno lilinitoka mbele ya mzee mmoja tu, halafu kila aliyekuja kutoa pole nikampa lile lile. Hakuna aliyenipinga. Walitikisa vichwa wakasema wanawake wa siku hizi ni waoga, Mungu amsamehe. Mimi nikainamisha kichwa na wao. Niliingia kaburini nikampokea kwa mikono yangu hii, nikamlaza ubavu, nikatoka nje na uongo wangu.

Miaka mitatu ikapita. Nikaposa msichana wa Bute aitwaye Ifrah, mtulivu, mfupi, amesoma. Harusi ilipokaribia nilikuwa na safari ya Garissa, na dada yangu akaniambia, "Walaal, ndugu yangu, usinunue vitu vya bibi harusi hapa. Ingia kile kichochoro cha nguo kule Garissa. Huko ndiko kwenye vitu."

Kama umefika Garissa unakijua. Ni njia nyembamba isiyopitisha gari wala punda, imefunikwa maturubai juu, mchana kweupe ndani ni kama jioni. Wauzaji wote ni akina mama, na wengine wamerithi vibanda hivyo kutoka kwa mama zao na nyanya zao. Kuna vitambaa vimening'inia mpaka vinakufuta uso, kuna ubani unafuka, viatu, marashi, hina, watu wanasukumana na kucheka. Niliingia baada ya sala ya adhuhuri. Jua lilikuwa la kuchoma mawe.

Nilisimama kwenye kibanda cha Habiba nimeshika kitambaa chekundu, sijui hata ninachokitafuta. Mkono ukapita kando ya bega langu, ukachomoa kitambaa cha kijani kutoka chini kabisa ya rundo.

"Hicho chekundu kitachuja," sauti ikasema. "Chukua hiki."

Niliijua sauti kabla sijageuka. Utasema nilikosea, sauti hufanana. Basi nikageuka. Alikuwa Sahra, na kovu lake kidevuni. Akavuta uzi mmoja kwenye pindo la kitambaa, akaukata kwa meno kuupima, kama alivyofanya siku zote. Watu wote mle ndani tulikuwa tumelowa jasho, yeye uso wake mkavu. Na katikati ya marashi yote ya kichochoro kile, nilisikia harufu ya kafuri, ile tunayowatilia maiti.

Kwa nini sikukimbia? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ni kwa sababu Habiba aliinuka na utepe wake wa kupimia, akamsalimia vizuri tu.

"Karibu, abaayo, karibu dada. Nikushonee sasa hivi? Mzee atangoja?"

"Atangoja," Sahra akasema.

Nikangoja. Habiba alimpima mabega, kifua, urefu mpaka chini, akiandika kwa chaki. Alilalamika kwamba mikono ya mteja wake ni baridi, akamuuliza kama ana homa. Sahra akasema hana. Cherehani ikaanza kulia, na sisi wawili tukaketi kwenye benchi moja, mtu na mkewe, watu wakipita mbele yetu na mizigo yao.

"Unaoa," akaniambia. Hakuwa anauliza.

"Naoa."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mzuri."

Akakubali kwa kichwa. Gauni lilipokuwa tayari alilikunja mwenyewe, tukaenda vibanda viwili mbele. Akachagua shash, kile kitambaa cha kichwa wanachovaa wanawake walioolewa, na chetezo cha udongo. Alibishana bei na wauzaji kwa ukali wake ule ule, mpaka mmoja akaniambia nina bahati ya mke. Nilikuwa natembea nyuma yake nimebeba mfuko. Niamini, kwa dakika chache nilisahau. Nilifurahi. Nilikuwa nimemwahidi matembezi kama hayo tangu tuoane.

Mwisho wa kichochoro, pale maturubai yanapokwisha na jua linaanza, akasimama. Hakukanyaga mwangaza.

"Kwetu uliwaambia nini?"

Nikahamishia mfuko mkono wa pili.

"Nakuuliza. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ulikataa."

"Nilikataa nini?"

"Kupelekwa hospitali."

Hakupandisha sauti. Laiti angepiga kelele. Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni tena. Kisha akasema, "Mwambie mama yangu ukweli. Sitaki kingine kutoka kwako."

"Nitamwambia."

"Lini?"

Na mimi, kwa kinywa hiki hiki, nikajibu, "Kesho."

Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye hakutazamia zaidi. Akageuka akarudi ndani. Kwa urefu wake ningemwona juu ya vichwa vya watu wote. Nilisimama palepale mpaka adhana ya alasiri. Sikumwona.

Nilikwenda kwa mama yake kesho yake? Sikwenda. Nilijiambia ni jua, ni uchovu wa safari. Harusi ikafanyika. Ifrah alipofungua mfuko akalitoa lile gauni la kijani, likamfunika miguu na kubaki chini dhiraa nzima, mabega yakamning'inia. Nikamwambia fundi alikosea vipimo. Wiki iliyofuata akapanda basi na dada yake kwenda Garissa lipunguzwe.

Walirudi siku ya nne. Ifrah aliweka gauni mbele yangu, likiwa vilevile.

"Fundi amesema hakukosea," akaniambia. "Alimpima mwenyewe mke wako mkubwa. Mrefu, ana kovu hapa kidevuni. Ameniuliza kama homa yake imepona. Umemficha wapi?"

Ilibidi nimwite dada yangu, na imamu aliyemswalia Sahra, wamwambie kwamba mwanamke huyo amezikwa. Ifrah alipiga simu kwa Habiba mbele yetu. Habiba aliapa kwa Mungu alimgusa kwa mikono yake, kisha akaanza kulia, simu ikakatika.

Usiku huo nilimweleza Ifrah yote, na kikao, na uongo. Hakuogopa maiti hata kidogo. Lililomshtua lilikuwa jingine.

"Yule hakuwa na mdomo wa kujitetea, ukamsingizia," akasema. "Mimi nikifa humu ndani utasema nini?"

Nilimwambia sitarudia. Asubuhi alifunga vitu vyake, isipokuwa gauni, akarudi kwao Bute. Talaka ilifuata.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mama yake Sahra. Unaona nilivyo? Nilikwenda nilipokosa pa kwenda. Anaishi nje ya mji, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Nilimkuta anasuka mkeka kivulini, nikaketi chini, nikasema kila kitu. Hakuacha kusuka.

"Nilimwosha mimi," akasema nilipomaliza. "Kando ya kitanda chake palikuwa na kifurushi. Nguo zake mbili na shuka la mtoto, amefunga mwenyewe kwa fundo. Mtu aliyekataa safari hafungi kifurushi."

"Hooyo, mama yangu, ulijua miaka yote hii?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utakuja."

"Nimekuja. Nisamehe, hooyo."

"Umekuja kwa sababu umeachwa," akasema. "Na msamaha unaoutaka mimi sinao. Mwenye nao umemzika."

Tangu hapo naishi peke yangu. Nyumba ikifungwa siku nzima, nikifungua mlango nakutana na harufu ya kafuri, hata dada yangu huisikia. Nimerudi kwenye kile kichochoro mara nyingi. Safari moja nilikaa siku nane mfululizo, kwenye benchi ile ile, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, nimwambie kwamba nimeshasema. Habiba alihamishia cherehani yake upande wa pili ili asinitazame. Sahra hakuja. Nadhani alikuja mara moja tu, na nafasi ilikuwa ile.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna marehemu uliyemtwika kosa lako, usingoje akujie. Nenda kwao ungali unaweza kwenda kwa hiari. Sikuahidi kwamba watakusamehe, au kwamba watakukaribisha hata chai. Mimi sikukaribishwa. Mama yule alinyanyua mkeka wake akaingia ndani, akafunga mlango, nami nikarudi Tarbaj kwa miguu, jua la saa saba likiwa utosini.