Ajira ya Mume wa Mama Pamba

Mama Pamba alikuwa fundi magodoro, na jina lilimkaa kwa sababu hakuna siku aliyorudi nyumbani bila nyuzi nyeupe kichwani. Watu walimletea magodoro yaliyochoka, yenye bonde katikati, naye akayapasua, akaichambua pamba iliyoshikamana mabonge, akashona upya. Kuchambua ndiko kulikomvunja mgongo. Basi siku moja akachukua pipa la chuma, akalipigilia misumari kwa ndani, akalifungia mota ya feni kuukuu. Tangu hapo pamba iliingia bonge na kutoka povu, na mgongo wake ukapata nafuu.

Kwamba huo ni ubunifu, aliambiwa na wengine. Serikali ilikuwa imezindua Mkakati wa Taifa wa Ubunifu, Ujuzi na Ajira, na mratibu wa mkakati huo, kijana mpole mwenye kitambulisho shingoni, alipoleta godoro la mama yake akaliona pipa likizunguka. Aliomba kupiga picha.

Maonyesho ya kwanza Mama Pamba alikwenda kwa furaha, amevaa gauni lake la harusi za watu. Wageni walipita, wakatikisa vichwa, wakapiga makofi. Lakini maonyesho yalizaa maonyesho: ya wilaya, ya mkoa, ya wanawake, ya viwanda vidogo, halafu semina ya kutathmini maonyesho. Huku nyuma magodoro yalirundikana hadi dirishani. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kumweleza kwa upole kwamba sasa analala sakafuni ili taifa lisonge mbele.

Nyumbani kulikuwa na mume. Alikuwa mpokea wageni wa hoteli, na hoteli ilipofungwa alibaki na mashati yaliyonyooka na sauti ya kumfanya mtu aliyekosa chumba ajione amepewa heshima. Kazi aliitafuta kila mahali, akaambiwa kila mahali kwamba ujuzi wake hauendani na soko.

"Baba watoto, kesho nenda wewe," Mama Pamba alimwambia. "Mimi nina magodoro ya watu."

"Nikaseme nini? Mimi hata plagi naiogopa."

"Sema chochote. Wanataka mtu wa kusimama tu."

Akaenda, akasimama, akasema. Alisema juu ya usingizi na uzalishaji, juu ya taifa linaloamka na maumivu ya kiuno. Mratibu alirudi akimsifu. Kuanzia hapo mialiko ilimjia yeye, na Mama Pamba akaunda pipa la pili la kufanyia kazi, maana la kwanza halikuwa likikaa nyumbani. Hilo la maonyesho liliharibika mota njiani, lakini halikutengenezwa. Hakuna mgeni aliyewahi kuomba liwashwe.

Ndipo ikatangazwa tuzo ya Mbunifu Bora. Jina kwenye cheti lilikuwa la mume. Mama Pamba alialikwa kama mke wa mbunifu, akawekwa kiti cha safu ya pili, nyuma ya kofia ya mtu. Mume alipopewa kipaza sauti, alikitazama cheti, akatazama ukumbi akimtafuta mkewe.

"Mashine hii ameiunda mke wangu," alisema. "Mimi kazi yangu ni kuisemea."

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi. Mgeni rasmi alisimama akasema kwamba unyenyekevu nao ni ujuzi, tena unaopungua, na akamshukuru mbunifu kwa kutoa mfano. Mama Pamba macho yalimchoma. Akaiinamia mikono yake, akaanza kubandua uzi mmoja wa pamba kwenye kucha.

Nje mume alimwambia, "Nimewaambia, mama watoto."

"Nilikusikia," alisema. "Wao ndio hawakusikia."

Haukupita muda mrefu, ofisi ya mkakati ikamwita mume kumpa kazi ya kudumu: ofisa uhamasishaji wa ubunifu. Alirudi nayo kama mtu aliyevunja chombo, akauliza kama aikatae.

"Uikatae kwa nini? Hapa ndani si wote tulikuwa tunaomba upate kazi?"

Katika taarifa ya mwaka, ajira yake ilitajwa kama tunda la mkakati, na ilikuwa kweli. Wanawake watatu ambao Mama Pamba alikuwa amewaajiri karakanani hawakutajwa, kwa kuwa karakana haikuwa na kibao mlangoni.

Mwaka uliofuata mume, sasa ofisa, alileta karakanani ujumbe mzima kutoka wizarani. Mlangoni akasema tena, taratibu na kwa adabu, kwamba mwenye mashine ni huyu hapa. Wageni wakatabasamu, wakamtazama mume, wakasubiri aendelee kueleza. Mama Pamba alikuwa amepiga magoti, sindano ndefu mkononi, na foronya ya godoro ilikuwa ikimteleza. Aliwaomba wavue viatu wasikanyage pamba. Kisha akamnyooshea kidole mkuu wa msafara, mzee mwenye suti ya kijivu.

"Baba, shika hapo. Vuta kidogo."

Mzee akachuchumaa na soksi zake, akashika pembe kwa mikono miwili, akavuta, na hakuachia mpaka mshono ulipokwisha.