Mama Anayeomba Damu Benchini

Kitendawili! Nina mto hauoni jua. Siku ukiliona jua, nyumba nzima hulia. Ni nini hicho? Fikiri kwanza, usikimbilie kunipa mji. Mto huo unao wewe, anao na jirani yako mchoyo.

Ni damu. Na huko Nkwantaso, mji mdogo wa Waasante upande wa kaskazini ya Kumasi, nchini Ghana, yuko mwanamke ambaye kazi yake ni kuwapitia watu na kuwaomba kidogo cha mto huo.

Saa tatu asubuhi. Abena Dufie anatoka mlango wa maabara ya hospitali, gauni la bluu limepigwa pasi, ndara miguuni. Mbele yake, chini ya paa la bati, kuna benchi refu la ndugu wa wagonjwa. Kabla hajafungua kinywa, benchi limebadilika. Mmoja ameanza kuzungumza na simu ambayo haikulia. Mwingine amekumbuka kwamba hajanywa uji. Kijana mwenye misuli kama fahali amejifunika shuka, eti ana homa.

"Mnyonya damu kaja," ananong'ona mzee mmoja, lakini mnong'ono wake ni ule wa kusikika.

"Nimesikia, babu," anasema Dufie. "Wewe usiogope, damu yako imeshageuka chai."

Benchi lote linacheka. Kisha kila mtu anarudisha macho chini, maana kicheko ni bure, mshipa si bure.

Dufie ana miaka hamsini na minne. Kwenye orodha ya wafanyakazi anaitwa mhudumu, na mshahara wake wa mwezi haufiki cedi elfu moja na mia tatu. Anafagia maabara, anaosha vyombo, anawashika mkono watoaji damu wasianguke. Lakini kinachomfanya ajulikane hadi vijiji vya ng'ambo ya mto ni hiki cha kuomba. Friji ya damu ya hospitali mara nyingi ina mifuko miwili mitatu, na siku nyingine ina taa yake tu. Mgonjwa akihitaji kuongezewa damu, ndugu ndio wa kuitoa.

"Watu wanadhani kazi ngumu ni ya daktari," anasema. "Daktari anakata mtu aliyelala. Mimi nakata watu walio macho."

Asubuhi hii anayemsubiri ni mtoto wa kiume wa miaka minane, Osei. Homa ya matumbo imemtoboa utumbo. Usiku kucha amepewa maji kwa mshipa, na sasa amepauka mpaka viganja vimekuwa kama karatasi. Daktari wa upasuaji yuko tayari. Mtaalamu wa usingizi amekataa: hamlazi mtoto yule bila mfuko mmoja wa damu kuwa mkononi. Kundi lake ni O, na wa O hapokei ila O. Friji ina mifuko miwili, yote ya kundi A.

"Mpaka saa sita tukiwa hatujamfungua, tusijisumbue tena," daktari amemwambia Dufie, akapita.

Mama wa mtoto, Akua Konamah, amekaa ncha ya benchi na mimba ya miezi saba. Yeye hawezi kutoa. Pembeni yake yupo mama yake mzazi, Bi Birago, ambaye umri umempita.

"Ndugu yangu yuko njiani, mama," Konamah anamwambia Dufie. "Anatoka Techiman. Ametupigia alfajiri, amesema yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Ejura. Gari limewaharibikia Ejura."

Dufie anafumba macho kidogo. Amelisikia gari hilo likiharibika mara nyingi, kila mara na mjomba mwingine ndani yake.

Hapa ndipo penye ugonjwa ambao hauonekani kwenye kipimo. Waasante ni watu wa ukoo wa mama, na wenyewe ukiwauliza watakwambia: damu hutoka kwa mama. Baba humpa mtoto jina na roho ya ujasiri, humlisha, humsomesha. Lakini damu ya mtoto ni ya mama yake na ya mjomba wake. Kwa urithi wa shamba na kiti cha ukoo, mambo hayo yamekwenda vizuri tangu mababu. Yakiingia hospitalini, yanaua. Mtoto akihitaji damu, ukoo unatuma watu wa kumtafuta mjomba, hata awe nchi ya pili, na baba anakaa benchini mishipa imemsimama kama kamba, hakuna anayemtazama.

"Mimi nimewaambia mpaka nimekauka," anasema Tetteh, mpimaji wa maabara, ambaye kwao ni Accra, Mga mtupu, kabila linalofuata ukoo wa baba. "Damu haijui mjomba. Kwetu sisi baba angekuwa ameshamaliza kutoa, yuko nje anakula kenke, ugali wetu wa mahindi."

"Na kwenu pia mnakufa, Tetteh," Dufie humjibu. "Acha maringo."

Ila leo macho yake yako kwingine. Kwa sababu mwisho wa benchi, nyuma ya nguzo, kofia mikononi, amekaa baba wa Osei. Jina lake Kwaku Gyimah, mkulima wa kakao. Dufie anamjua mtu huyo kuliko anavyomjua mtu yeyote pale. Alikuwa mume wake.

Ni miaka kumi na tisa sasa. Walikuwa na binti mmoja, Adoma, wa miaka sita, mchekeshaji, aliyekuwa akiigiza sauti ya padri mpaka nyumba nzima inaloa machozi. Malaria ilimmaliza damu ndani ya siku mbili. Wakamleta hospitali hii hii. Wakaambiwa tafuteni mtu. Ukoo ukampigia kaka yake Dufie, mchimba dhahabu huko Obuasi, na kaka akasema yuko njiani.

"Aliingia getini jioni anakimbia, ameshakunja mikono ya shati mpaka mabegani," Dufie anasimulia. "Akaniuliza, nilale wapi? Nikamwambia, kaka, umechelewa, tumeshamfunika."

Ndoa haikufa siku hiyo. Ilikaa miezi minane inakohoa, ndipo ikafa. Kwaku akahamia shambani kwao, akaoa baadaye. Dufie akaja kuomba kazi ya kufagia mahali pale pale alipopotelewa, na watu wakasema amerukwa na akili.

"Hawakujua nilichokuja kufanya. Nilikuja kuuliza. Ninamuuliza kila baba anayekaa pale, mmoja mmoja: kwa nini hukusimama? Maana wangu sikumuuliza. Kaka zangu walinikataza, walisema ya msiba huachwa kaburini. Yeye mwenyewe hakusema. Alikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi mpaka mtoto akatoka amefunikwa. Nataka kujua tu, kwa nini alikaa?"

Kwa hiyo leo anasimama mbele ya benchi, nusu ya njia. Baadaye atakiri bila haya kilichomjia moyoni.

"Nilitaka nipite. Msiniite malaika. Nilisema moyoni, mwache akae kama alivyokaa. Mwache naye ajue baridi ya ile sakafu niliyoikalia mimi. Kisha nikamtazama yule binti na tumbo lake, anaangalia getini, anaangalia simu, anaangalia getini. Nikajiona."

Anavuta hatua mpaka kwenye nguzo.

"Kwaku. Simama."

Mwanamume anainua uso. Mvi zimemwingia mapema. "Mimi?"

"Kuna Kwaku mwingine hapo nyuma yako?"

Bi Birago anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "We mwanamke, una nini? Damu ya huyu inamhusu nini mjukuu wangu? Yeye kampa jina, imetosha. Mwenye damu yake yuko Ejura!"

"Jina halipiti kwenye mrija, mama," anasema Dufie.

"Ukoo wetu una watu!"

"Najua mna watu. Jumamosi ile mlipomzika shangazi yenu niliwaona, mabasi mawili yalijaa, nguo nyeusi mpaka barabarani. Kwa kuzika mnakuja na mabasi. Kwa mfuko mmoja wa damu, gari limeharibika."

Bi Birago anamgeukia binti yake ili amsaidie kumsuta mwenye ulimi huu. Konamah haangalii mama yake, anamwangalia mumewe.

"Baba Osei," anasema taratibu. "Nenda. Nitawajibu mimi."

Kwaku anaweka kofia kwenye benchi, anasimama.

Tetteh anamchoma kidole, anapima. Kundi O. Anapima na magonjwa, na mle ndani ya chumba kinachonuka dawa ya kuoshea wanasubiri, Dufie akikunja pamba ambazo zimeshakunjwa. Majibu ni safi.

Kwaku analazwa. Ananyoosha mkono. Dufie ndiye wa kuushika, kwa sababu ndiyo kazi yake, na anaushika. Anakijua kile kidole kidogo kilichopinda kwa panga la kakao, alikifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa. Sindano inaingia. Damu inashuka kwenye mrija, nyeusi kidogo, haina haraka.

"Kunja ngumi. Achia. Kunja," anamwambia, kama anavyowaambia wote.

Mfuko ulipojaa, mhudumu wa kuupeleka chumba cha upasuaji hakuonekana. Dufie akaubeba mwenyewe, ameukumbatia kifuani, akapita mbele ya benchi lote.

"Ulikuwa na joto bado," anasema. "Hiyo ndiyo iliyonichoma. Miaka kumi na tisa nimebeba mifuko ya watu. Ule ulikuwa wa Adoma. Nikaupeleka kwa mtoto wa mwanamke mwingine, kwa mikono yangu hii. Nimefurahi? Nimefurahi, ndiyo. Lakini ipo furaha inayoshuka kooni kama dawa ya kwinini."

Mtoto aliingizwa saa tano. Ilipofika saa saba na ushei daktari akatoka ameshusha kitambaa cha mdomo, akasema utumbo umeshonwa, damu imeingia vizuri, Osei amefumbua macho na ameomba maji, ingawa hatapewa. Konamah akakaa chini sakafuni, mimba na yote, akalia kwa sauti. Bi Birago akawa anafunga na kufungua fundo la kanga yake. Simu yake ikaita. Ni Ejura. Fundi amepatikana, sasa wanatafuta kipuri.

Dufie haamini kwamba mfuko mmoja umebadilisha desturi. Wiki ijayo benchi litajaa sura mpya na wajomba wapya. Ila ana mpango, na ameshaupeleka kwa matroni. Kila Jumatano, siku ya kliniki ya wajawazito, anataka mwanamke aje na mumewe, mume apimwe kundi, na aliye mzima atoe damu mapema, iwekwe kwenye friji kabla kidonda hakijafunguka. Matroni amekubali. Wazee wa mji hawajakubali, wanasema ni kuwavunjia heshima wajomba. Basi Dufie atawafuata Jumamosi, msibani, ambako hakuna anayekosa.

"Nitasimama getini kwa msiba wa watu," anasema. "Wanaoingia kuzika nitawauliza: marehemu mlimpa nini akiwa hai? Watanipiga? Wanipige. Damu ikitoka tutaikinga."

Mchana ulipopoa, Kwaku alikuwa bado kwenye kitanda cha watoaji. Kizunguzungu kilimshika alipojaribu kuinuka. Dufie akamletea soda ya kimea na biskuti, anavyopewa kila aliyetoa, akavuta kigoda akakaa karibu naye. Nje sauti za watu zilikuwa zimetulia.

"Kunywa polepole," akamwambia.

Akanywa.

"Mtoto wako ameamka."

"Nimesikia. Mungu akulipe, Dufie."

"Mimi sitaki kulipwa. Nataka unijibu." Alisubiri mpaka mwanamume aweke chupa chini. "Siku ya Adoma ulikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi. Kwa nini hukusimama?"

Kwaku aliibonyeza pamba kwenye mkono wake.

"Nilisimama," akasema. "Nilisimama, Dufie, nikakunja na shati. Wewe ndiye uliyenishika bega ukaniambia: kaa, baba Adoma, wenye damu yao wanakuja."