Ulanzi Ubavuni mwa Pikipiki

Mnaotaka kucheka chekeni mapema, maana huko mbele mimi mwenyewe sicheki. Nitawaambia jinsi nilivyokosa mke kwa sababu ya pikipiki ambayo haikuwa yangu na kibuyu cha ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, ambacho hata sikukionja, na aibu yenyewe naijua, hamna haja ya kunikumbusha.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa tarishi wa Bwana Shamba pale Njombe, mzungu mmoja mrefu aliyepewa pikipiki ya kuzungukia mashamba ya mbali kusikofika gari. Akisafiri huniachia niioshe na kuiwasha kidogo isilale sana (hiyo ndiyo ruhusa niliyokuwa nayo, mengine niliongeza mwenyewe). Sasa huko Makambako, upande wa Lyamkena, alikuwapo Edina, binti wa Mzee Elia, mzee wa kanisa, Mlutheri wa kweli kweli asiyegusa pombe. Mimi na Edina tulikuwa tumeshakubaliana. Kilichobaki ni kufika na mshenga, maneno yasemwe, kisha binti aitwe aulizwe mbele ya watu kama anawajua wageni hawa, na akisema anawajua, basi, kazi imekwisha, ni kupanga siku tu.

Lori la Makambako lilikuwapo asubuhi ile. Nasema hivyo mjue kwamba hapakuwa na dharura yoyote. Ila Bwana Shamba alikuwa Iringa, pikipiki imesimama pale inang'aa, nami nikajiona nikishuka kwenye mashine mbele ya mkwe badala ya kuruka kutoka juu ya magunia ya mahindi na vumbi mpaka kwenye kope, nikaona hapana, leo watanitambua.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Yeremia, mtu wa maneno matamu, akatokea na kibuyu chake chini ya koti.

"Baba mdogo, tunakwenda kwa mzee wa kanisa!"

"Hiki ni cha kurudia, mwanangu. Sikigusi mpaka tumalize."

Ningesema hapana. Sikusema. Na kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili kunishikilia, nikakifunga kibuyu ubavuni kwa mpira wa tyubu, juu kabisa ya bomba la moshi, maana bomba la pikipiki ile halikupita chini kama za mjini, lilipanda mpaka usawa wa paja ili ukivuka mto maji yasiingie. Kisha, kwa kuogopa kisimwagike njiani, nikakishindilia gunzi mpaka likaishia ndani. Mbena mzima, niliyezaliwa katikati ya mianzi, naziba ulanzi! Hata mtoto kwetu anajua ulanzi unachemka wenyewe, lazima uachiwe pa kupumulia, lakini siku ile akili yangu ilikuwa imeshatangulia Lyamkena.

Tukatimka, baridi inakata masikio, mashimo yanaturusha, baba mdogo anaomba mizimu na Mungu kwa pamoja, na tulipofika akatupia koti lake juu ya kibuyu. "Kamwene," tukasalimia, "kamwene," wakaitikia, mama mkwe kwa mbali kama ilivyo adabu. Edina nilimwona mlangoni jikoni, akainamisha uso, anatabasamu. Tabasamu lile ninalo mpaka leo.

Sasa ilinipasa nikakae nimwachie mshenga kazi yake, lakini Mzee Elia akaizunguka pikipiki mara moja tu, akauliza, "Hii inakwendaje?" Jamani, nikafunguka. Nikamwonyesha kwamba injini ni silinda moja tu, kubwa, ndiyo maana inagonga moja moja na ina nguvu ya kupanda milima taratibu bila kuzimika. Nikamwonyesha matairi yenye meno ya kuuma tope, madigadi yaliyoinuliwa ili udongo usikwame, tumbo lililo juu lisigonge mawe, springi za mbele, mikono mipana ya kuishikia mtelemkoni. Majirani wakajaa. Nami (mjinga hapewi uwanja) nikapandisha sauti, "Na tena, mzee, haitumii maji kama gari! Unayaona haya mapezi ya chuma? Inapozwa na upepo mtupu!"

Hapo ndipo koti lilipoanza kutoa sauti. Ssssss.

"Na hiki kinacholia?" akauliza Mzee Elia.

"Maji, mzee. Maji ya injini."

"Si umesema sasa hivi haitumii maji?"

"Ni... ya akiba."

Baba mdogo akakohoa. Mzee Elia akainama, akainua koti.

Gunzi lilimpita sikioni. Ulanzi ukafuata wote, wa moto, povu tupu, ukamkuta usoni, kwenye shati jeupe, kwenye tai aliyoivaa kwa heshima yetu. Harufu ikatanda uwanja mzima. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Yeremia," akasema huku akijifuta, "huu ulanzi ni wako?"

"Mimi nilipewa lifti tu," akajibu baba mdogo. Mshenga wangu huyo!

Mzee Elia hakupiga kelele. "Wanywaji ninao hata kwenye ukoo wangu," akasema. "Lakini mtu anayenidanganya siku ya kuomba mke, nikishampa atanieleza nini?" Akamwita binti yake. "Edina, unawajua wageni hawa?"

Akasimama pale, mikono ina unga. Nikamtazama nikimsihi kwa macho.

"Nilidhani namjua mmoja, baba," akasema, akaingia ndani.

Angalau ningeondoka kiume, lakini silinda moja ile ikiwa ya moto nawe una haraka haiwaki, nikapiga kiki, nikapiga, ikanirudishia pigo muundini mpaka machozi yakanitoka (wakadhani nalilia mke, na kweli). Nikaisukuma mpaka barabara kuu. Baba mdogo alibaki, kuku alikuwa ameshachinjwa.

Bwana Shamba alipopata habari ya pikipiki yake alinifukuza, na hilo halikuniuma. Edina aliolewa na fundi seremala wa hapo hapo, na hilo ndilo linaloniuma.

Miaka mingi baadaye nikakutana naye sokoni Makambako, sote tuna wajukuu. Nikamwambia ulanzi wa baba mdogo ulituponza. Akatikisa kichwa.

"Baba aliisikia harufu tangu mlipoingia uwanjani. Alikuwa anangoja useme tu. Ungesema, angecheka, akakuombea, tukala."

Nikaaga, sikuweza kukaa.

Nimeapa, na kiapo nakishika, nikiulizwa nimebeba nini nasema kilichomo, hata kiwe cha kunivua nguo. Mke wangu hunisifu kwa majirani kwamba mume wake hajui uongo. Akiuliza nilifunzwa na nani, namwambia ni mama.