Salamu za Fundi Saa

Mimi ni seremala. Mlango ukigoma kufunga, nauona umegoma, nachukua randa, mambo yanaisha. Mke wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Daktari, ana kazi ya ajabu zaidi: anatibu programu inayotibu programu nyingine.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Ipo programu ya kutafuta makosa. Mwandishi wa programu akiona kazi yake imekwama, anaifungua hiyo, nayo inapita mstari kwa mstari na kumwonyesha palipoharibika. Ni mali ya wote: yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha, na wanaoitunza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wasiojuana kwa sura. Kila mmoja wao akibadilisha kitu, programu inajengwa upya na kupewa majaribio mia tatu. Jaribio halina huruma. Linauliza swali na kulinganisha jibu na lile lililotarajiwa, neno kwa neno; ukizidisha hata nukta, umefeli. Mke wangu ndiye anayetunza maelekezo ya kuijenga kwenye kompyuta za zamani, kwa sababu shule anayofundisha ina kompyuta ishirini za aina hiyo na haina nyingine.

Mwezi huo majaribio arobaini na moja yalifeli. Yalifeli shuleni, yakafeli na kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, zee vilevile. Kwa wenzake wenye mashine mpya yote yalipita. Kiongozi wao, ambaye mke wangu anamwita Nahodha ingawa hajawahi kumwona, akaandika kwa upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua: yasipopita hadi Ijumaa, kompyuta za zamani zinaondolewa kwenye orodha. Maana yake, toleo jipya na yote yatakayofuata yasingejengeka tena shuleni.

"Mwaka huu wanafunzi wangu wameanza kuwa wazuri kweli," aliniambia Jumanne, na machozi yalikuwa karibu. "Nitawaambiaje kwamba mashine zao zimefutwa?"

Nikamwambia ale kwanza. Sikuwa na zana nyingine.

Alibadilisha hiki, akarudisha kile, akajenga upya. Arobaini na moja. Jumatano akaanza tena mwanzo. Arobaini na moja. Nilimshauri aipige mashine kofi la ubavuni, njia iliyowahi kuniokoa na redio, akanitupia jicho lililonirudisha karakanani bila kuaga.

Baba yake anaishi nasi. Alikuwa fundi saa maisha yake yote, hadi mikono ilipoanza kutetemeka. Tangu hapo koti lake la kazi limetundikwa nyuma ya mlango, naye anashinda sebuleni akigombana na redio. Ukimuuliza hali, anajibu, "Nipo nipo tu, kama kiti cha wageni." Enzi zake, kila saa iliyoletwa aliipokea kwa maneno yale yale kabla hajaifungua: "Haya mgonjwa, niambie panapouma." Mke wangu amekulia chini ya meza hiyo.

Alhamisi alasiri mzee alipita nyuma ya kiti cha bintiye, chai mkononi, akasimama. Skrini ilikuwa imejaa mamia ya mistari ya lugha ya mashine. Akaweka miwani sawa.

"Mwanangu, kumbe na mimi nimo humu?"

"Baba, tafadhali, niko vitani."

"Najua. Ila humo mote naweza kusoma kitu kimoja tu. Haya mgonjwa, niambie panapouma. Si maneno yangu hayo? Na hapa tena. Na pale chini. Mbona nasema sana?"

Mke wangu akaisogelea skrini. Kisha akajipiga kofi la paji la uso ambalo nililisikia karakanani, nikaja mbio.

Mwanzoni mwa muhula, alipoona wanafunzi wapya wanaiogopa ile programu, aliiwekea mpangilio kwamba kila ikifunguliwa imsalimie mtu kwa maneno ya baba yake. Akauweka kwenye mashine zote ishirini na ya nyumbani. Watoto wakacheka, woga ukaisha, naye akaizoea salamu hiyo mpaka jicho lake likawa linairuka. Lakini majaribio hayajui utani. Yale arobaini na moja yaliyoanza kwa kuifungua programu yalitarajia jibu tupu, yakakuta fundi saa anayajulia hali. Mashine za watu hazikuwa na kosa lolote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema, maana nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

"Nyamaza wewe, mpiga redio."

Angeweza kuifuta salamu kimya kimya, majaribio yakapita, asijue mtu. Mimi nilimshauri hivyo, nakiri. Akakataa. Alisema kasoro iko kwenye maelekezo ya ujenzi, na mtu asikatazwe kuipamba programu yake kwa sababu ya mtihani. Akaongeza agizo moja tu: wakati wa majaribio, programu isisome mipangilio binafsi ya mwenye mashine. Akajenga. Mia tatu kwa mia tatu! Halafu akawaandikia wote kwamba aliyezisingizia kompyuta za zamani ni yeye mwenyewe na salamu zake. Barua hiyo ilimchukua muda mrefu kuliko marekebisho.

Ijumaa asubuhi Nahodha alijibu. Kompyuta za zamani zinabaki. Watu wengine wawili walikuwa wameungama kwamba na wao walifelishwa na mapambo yao kwa miezi, wakaona aibu kuuliza. Mwishoni akataka kujua maneno yale yana maana gani, na ni ya nani.

Mzee alisomewa yote, akakunja uso.

"Kwa hiyo nimefukuzwa?"

"Kwenye majaribio tu, baba. Shuleni upo."

"Kwenye mashine ngapi?"

"Ishirini. Na wanafunzi wanapokezana, kwa hiyo unasalimia kutwa nzima."

Aliweka kikombe chini. Midomo ilimcheza, nikadhani amekasirika.

"Kumbe bado napokea wagonjwa," akasema.

Jumatatu tulimkuta mlangoni mapema kuliko sisi sote, amevaa lile koti, akimwambia bintiye wasije wakachelewa shuleni.