Nilivyokimbia na mama mkwe kwenye wheelchair juu ya tuta la Mkondoa

Wakuu, habari za Jumapili. Hili limenitokea jana hapa Kilosa, na sijatia chumvi.

Mama mkwe anaishi kwangu tangu alipopata kiharusi. Upande wa kushoto umelegea, hivyo anatumia wheelchair. Maisha yake ni kitandani, barazani, hospitali. Basi.

Na mambo ya ukwe mnayajua. Mimi na yeye ni "shikamoo mama", "marahaba baba", kisha kila mtu anaangalia pembeni.

Jana mke wangu alikuwa msibani Msowero. Mama akasema ghafla, "Baba, nataka kuuona mto."

Mto Mkondoa hauko mbali, ila njia ya chini ni mchanga mtupu, tairi zinazama. Ndipo nikakumbuka tuta la kuzuia mafuriko. Juu ni pagumu, pamesawazika, watu wanapita kwa miguu na baiskeli siku zote. Na pana mahali pa kupandia pasipo mwinuko mkali.

Si mkali kwa baiskeli, lakini. Mimi nilipanda ulimi nje!

Wakuu, kule juu ni raha nyingine. Upepo, maji upande mmoja, majani mabichi upande wa pili, milima mbele. Baiskeli za mkaa zinatupisha kwa kengele.

Mama kimya. Nikaingiwa na wasiwasi.

"Mama, turudi?"

"Turudi wapi? Hebu ongeza mwendo."

Nikaongeza.

"Zaidi!"

Nikatoka mbio na kitambi changu hiki, mama anacheka mpaka mtandio ukamwangukia mabegani. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Mara ng'ombe hao mbele yetu! Kundi zima, juu ya tuta hilohilo. Huku mto, huku mteremko, nafasi ya kugeuza hakuna. Nikaanza kurudi kinyumenyume, nawaza nitamwambia nini mke wangu.

Mama akanishika mkono. Ndiyo, mama mkwe.

"Funga breki. Ukikimbia utawashtua."

Halafu akapaza sauti ambayo sikujua kama bado anayo: "Wee baba! Kuna mgonjwa huku!"

Mfugaji akaja mbio, akapiga mluzi, akawashusha ng'ombe wote upande wa majani. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wako wamenona."

Tukaendelea mpaka mto unapokata kona. Mama akakaa pale anaangalia maji, mkono wake bado uko juu ya wangu. Mimi machozi karibu yanitoke, nikasingizia vumbi.

Jioni mke wangu alitukuta tumechafuka wote wawili. Kabla hajafungua mdomo, mama akamwahi: "Muache. Kesho ananipeleka njia ya Munisagara."

Nilichojifunza: tunawapa wagonjwa wetu dawa na uji, tunasahau kwamba kuta nazo zinachosha. Kama kwenu kuna njia inayopitika, mtoeni mtu wenu.

Sasa wenyeji, huko mbele kuelekea Munisagara wheelchair inapita? Nijibuni haraka, mama ameshavaa viatu.